Kuchagua Injini ya Kubadilishia Starlet Kuukuu: Ushauri kwa Wanagenzi wa Gereji

Mwanagenzi anayeanza kazi ya gereji hapa Mombasa hatakaa sana kabla ya kuletewa Toyota Starlet iliyochoka injini, na mara nyingi mwenye gari huwa amekwisha kushauriwa mtaani kwamba akitia injini fulani, gari litakimbia kuliko lilivyokuwa jipya. Atakuuliza, "Fundi, injini ni pesa ngapi?" Ni swali la haki, kwa kuwa mtu anayeendesha Starlet ya miaka thelathini hana pesa za kutupa. Hata hivyo, ukimtajia bei ya injini peke yake utakuwa umempotosha. Injini huingia pamoja na mauntingi (vishikizo vinavyoishika injini kwenye bodi), giaboksi, shafti za magurudumu, ekzosi, waya na kompyuta, na gharama ya kazi nzima huamuliwa na wingi wa vitu hivyo ambavyo itakubidi kuvibadilisha au kuvitengeneza upya. Injini iliyonunuliwa kwa bei ya chini kabisa yaweza kuwa ndiyo ghali kupita zote ikishafungwa.

Kabla ya kufikiria kubadilisha, hakikisha kwamba injini iliyomo imekufa kweli. Moshi wa buluu unaotoka asubuhi gari linapowashwa, kisha ukapotea baada ya muda mfupi, mara nyingi hutokana na sili za vali zilizokauka, na sili hizo hubadilishwa bila kuishusha injini. Gari lililopungua nguvu laweza kuwa na klachi inayoteleza, kichujio cha petroli kilichoziba au taimingi (mpangilio wa wakati wa vali na cheche) iliyosogea. Kwa hiyo pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kila silinda: toa plagi zote nne, zima umeme wa koili na wa sindano za petroli, mwombe mwenzako akanyage mafuta hadi mwisho huku akipiga staata, na uandike kila kipimo unachokiona. Silinda moja ikitoa kipimo cha chini, tia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi kisha upime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Kisipopanda, tazama vali au gasketi ya hedi. Gasketi iliyoungua si sababu ya kununua injini nyingine. Lakini ringi zikiwa zimekwisha katika silinda zote, na krenki nayo inagonga, hapo hesabu hubadilika, maana kuchonga silinda upya na kununua pistoni, ringi na beringi zilizo halisi huweza kumgharimu mteja zaidi ya injini mtumba iliyoshuka bandarini kutoka Japani.

Starlet nyingi tunazozipokea ni za modeli ya EP82, iliyoundwa kuanzia mwisho wa 1989 hadi 1995, na EP91, iliyoifuata kuanzia 1996 hadi 1999, mwaka ambao Vitz ilichukua nafasi yake. Matoleo ya kawaida ya 1.3 yenye sindano za petroli hubeba injini ya 4E-FE ya cc 1331. Basi chaguo la kwanza, ambalo wengi hulipuuza kwa kuwa halina sifa za kusimulia, ni 4E-FE nyingine iliyo nzima. Inakaa palepale, inatumia kompyuta ileile, giaboksi ileile na ekzosi ileile, na fundi yeyote wa Kisauni au Likoni anaijua. Kwa mteja anayetegemea gari lake kumpeleka kazini kila siku, hili ndilo jibu ninalolitoa, na silitoi kwa kusitasita.

Chaguo la pili ni 5E-FE, na hapa ndipo pana nafasi ya kupata nguvu zaidi bila kufungua mfuko wa mteja hadi chini. Injini hizi mbili ni za ukoo mmoja. Kipenyo cha silinda ni milimita 74 katika zote mbili; tofauti iko katika mwendo wa pistoni, ambao ni milimita 77.4 kwa 4E na milimita 87 kwa 5E, na ndiyo maana ya pili inafika cc 1497. Mwendo huo mrefu huipa injini msukumo mzuri ikiwa bado inazunguka polepole, jambo ambalo dereva hulihisi akiwa na abiria wanne na kipoza hewa kimewashwa anapopanda Mazeras kuelekea Mariakani, au anapojikokota katika msongamano wa daraja la Nyali. 5E-FE ilifungwa katika Raum ya kwanza iliyotoka 1997, na katika Corsa na Tercel, kwa hiyo hupatikana kwa wauzaji wa injini za mitumba, ingawa huenda ukalazimika kuuliza maduka kadhaa.

Hata kwa ndugu hawa wawili kuna kazi. Ondoa mikono ya mauntingi kwenye injini ya zamani na uifunge kwenye mpya, kwa sababu mikono ya Raum imekusudiwa chasi ya Raum. Linganisha sampu (bakuli la oili chini ya injini), manifoldi na mabomba ya maji ya injini zote mbili zikiwa bado ziko sakafuni kando kwa kando, wala usingoje mpaka moja iwe imekwisha kuning'inia ndani ya gari. Pima nafasi kati ya kichwa cha injini na boneti. Kama injini imetoka kwenye gari la otomatiki na Starlet yako ni ya manuali, itakubidi uhamishe flaiwili ya zamani pamoja na boliti zake, na ni vyema kununua klachi mpya wakati huohuo, maana kuishusha giaboksi mara ya pili kwa ajili ya klachi ni kumtoza mteja mara mbili kwa kazi moja. Mkanda wa taimingi ununuliwe kwa jina la injini, si kwa jina la gari.

Vijana wengi watakuuliza kuhusu 4E-FTE, ile ya turbo iliyokuwa katika Starlet GT na Glanza V, yenye nguvu za farasi 135. Ni injini nzuri, na katika gari lisilofika tani moja ni nguvu nyingi kweli. Lakini inadai petroli ya oktani ya juu, rejeta kubwa, breki zinazoweza kulisimamisha gari, kompyuta yake na waya zake, na mtu wa kuitunza. Hayo yote yakijumlishwa, neno nafuu halina mahali tena. Mwambie mteja hivyo waziwazi, kwa heshima, hata kama amekwisha kuipenda.

Kuhusu 1NZ-FE, inayoonekana kila mahali kwa sababu ya Probox, Fielder na Vitz, watu hudanganywa na wingi wake. Vipuri vyake ni rahisi kupata, naam, nayo ni ya cc 1497 na hutumia cheni badala ya mkanda. Lakini ekzosi ya 4E hutokea upande wa rejeta, ilhali ya 1NZ hutokea upande wa nyuma, karibu na ukuta wa kabini. Kwa tofauti hiyo moja tayari una ekzosi ya kutengeneza upya na njia ya hewa ya kupanga upya, na bado hujagusa mauntingi za kuchomelea, shafti, wala kompyuta yenye mfumo wa VVT-i (unaobadilisha wakati wa vali kufunguka). Kazi hiyo inawezekana, na nimeona magari yaliyofungwa vizuri, lakini ni kazi ya mwenye muda na fedha. Ikiwa mteja anataka 1NZ, afadhali anunue gari lililozaliwa nayo. 4A-FE kutoka Corolla nayo sitaisemea sana: haimo katika ukoo wa E, na mauntingi zake hazitaangukia penye mauntingi za Starlet.

Jambo linalokula pesa kimyakimya ni waya. Duka litakuuzia injini ambayo fungu lake la waya limekatwa kwa msumeno inchi chache tu kutoka kwenye sensa, kwa sababu aliyeitoa Japani alikuwa na haraka ya kujaza kontena. Ukiweza, nunua injini iliyo na fungu zima la waya, soketi zote na kompyuta yake, na uhakikishe nambari iliyo kwenye kibandiko cha kompyuta inatokana na injini ileile. Ukikosa, basi hamisha kwenye injini mpya kila sensa ya zamani inayoingiliana, pamoja na distributa (kigawa umeme wa plagi), ili waya za gari zipate soketi zinazozifahamu. Na uangalie kwamba matoleo ya baadaye ya injini hizi yaliacha distributa yakatumia koili, kwa hiyo tofauti hiyo uijue kabla ya kulipa. Kompyuta ya gari la otomatiki nayo hutarajia taarifa kutoka giaboksi yake, na isipozipata itawasha taa ya hitilafu. Usikubali kamwe kuunga waya kwa kuzisokota na kuzifunga utepe. Hewa ya pwani ina chumvi, na kiungo cha namna hiyo huota kijani ndani ya utepe hadi siku gari litakapozima katikati ya barabara. Unga kwa risasi iliyoyeyushwa, ufunike kwa mpira unaonywea kwa joto, na mwisho weka waya mpya mnene wa athi kutoka injini hadi bodi.

Sasa twende dukani. Muuzaji atakuonyesha injini iliyooshwa ikang'aa, na jina limeandikwa juu yake kwa rangi. Usisome rangi. Soma jina na nambari vilivyochongwa kwenye bloku, kwa kuwa 4E na 5E hufanana kwa nje na si vigumu moja kuuzwa kwa jina la nyingine. Fungua kifuniko cha oili utazame chini yake. Ukikuta ute mweupe mzito kama tui, maji yameingia ndani ya oili, nawe ondoka. Toa plagi na umulike tochi ndani ya silinda kutafuta kutu. Tia spana kwenye boliti ya puli ya krenki na uzungushe injini kwa mkono duru mbili kamili, ukisikiliza na kuhisi kama kuna mahali inakwama. Kisha omba betri na staata, upime kompresheni palepale mbele ya muuzaji. Vipimo vya silinda nne visiachane kwa zaidi ya psi 14 hivi. Injini yenye vipimo vya wastani vinavyolingana ni bora kuliko yenye silinda tatu za juu na moja iliyozama. Muuzaji anayekataa kipimo hiki amekwisha kukujibu.

Ukiridhika, dai risiti yenye jina la duka, tarehe, aina ya injini, nambari ya injini na muda wa dhamana. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha tu kwamba pesa zimetoka. Hauonyeshi ulinunua nini. Risiti hiyo ndiyo itakayomsaidia mteja, kwa sababu kitabu cha gari kina nambari ya injini, na inapobadilika ni lazima taarifa zirekebishwe kwa NTSA (mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama). Mkumbushe pia aijulishe kampuni yake ya bima.

Injini ikiwa bado iko sakafuni, badilisha mkanda wa taimingi, pampu ya maji, sili ya nyuma ya krenki na thamostati. Sili hiyo ni ya pesa kidogo, lakini ikivuja baada ya kufungwa, giaboksi lazima ishuke. Kuhusu thamostati nina msimamo mkali. Ni desturi ya mafundi wengi wa mji huu kuitoa na kuitupa kwa madai kwamba Mombasa ni joto. Injini isiyo na thamostati huchelewa kufikia joto lake, kompyuta nayo hudhani gari bado ni baridi na huendelea kumwaga petroli ya ziada, na mteja hurudi akilalamika kwamba gari linakunywa. Injini inayochemka kwenye foleni ya feri ya Likoni ina rejeta iliyoziba, feni isiyoshika au kifuniko kilicholegea, na hayo ndiyo ya kurekebisha. Wala usijaze rejeta maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za hapa ni ya chumvi na hula bati na alumini. Tumia kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa.

Baada ya kuwasha, kwa zile zenye distributa, unganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha vipimo kilicho chini ya boneti. Taa ya injini itameta, nawe utahesabu mimeto kujua kama kuna sensa inayolalamika. Na waya huo ukiwa bado umeunganishwa, injini ikiwa na joto lake kamili, rekebisha taimingi iwe digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Waache mteja na gari lake waende safari fupi za mjini kwanza, kisha arudi ukaze boliti za mauntingi, uangalie mivujo na umwage oili ya kwanza mapema, baada ya kilomita 1000, kwa sababu injini iliyolala muda mrefu huachia uchafu inapoanza kazi.

Injini ya zamani ni mali ya mwenye gari. Mwekee pembeni, pamoja na alteneta, staata na sensa zake, na usiiuze kwa chuma chakavu mpaka dhamana ya ile mpya iwe imekwisha na yeye mwenyewe ameamua.