Maswali ya Wazazi: Mwalimu Hafundishi Ipasavyo, Nianzie Wapi?

SWALI: Binti yangu yuko darasa la 5. Tangu muhula uanze anashuka katika hesabu, na anasema mwalimu wao huandika ubaoni, huwaambia wanakili, kisha hutoka. Wazazi wenzangu kwenye kundi la WhatsApp wanataka tuandike barua ya kumkataa. Naogopa kumwonea mtu, na naogopa pia kunyamaza. – Mama wa darasa la 5

JIBU: Mama, barua ya kumkataa mwalimu iwekeni kando kwanza. Barua ya aina hiyo humlazimisha mwalimu mkuu achague upande kabla hajaona chochote, na mara nyingi atasimama na mwalimu wake. Anza na daftari.

Chukua daftari la hesabu la wiki 4 zilizopita, ulitazame pamoja na ratiba ya vipindi. Kama ni vipindi 5 kwa wiki, unatafuta siku 20 zenye kazi iliyoandikwa tarehe. Zipo ngapi? Kisha angalia kazi yenyewe: ni maelezo ya kunakili tu, au kuna mazoezi? Yamesahihishwa? Kosa la Jumatatu limerekebishwa kufikia Alhamisi, au limerudi vilevile?

Tuseme umekuta 403 − 178, na mtoto ameandika 375. Jibu ni 225. Mtoto huyu si mzembe. Katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa: 8 toa 3, 7 toa 0, 4 toa 1. Hajui kukopa, na sifuri ya katikati imemchanganya zaidi. Kosa la namna hii hujirudia karibu kila penye kukopa, kwa hiyo anayesahihisha kwa makini hulikamata mapema. Ukikuta limewekewa alama ya vema, au limekatwa wiki baada ya wiki bila maelezo na bila hesabu hata moja kurudiwa, hapo una jambo la kuzungumza. Ila kuwa mwadilifu: kukopa hufundishwa madarasa ya chini, kwa hiyo pengo lenyewe huenda mwalimu wa sasa amelirithi. Unachomdai yeye ni kuliona na kuliziba.

Halafu waombe wazazi 3 au 4 madaftari ya watoto wao, wanaofanya vizuri na wanaosuasua. Kama la binti yako peke yake ndilo lenye mapengo, huenda haoni ubao vizuri, au anakaa nyuma na hasikii, na hapo dawa ni nyingine kabisa. Mapengo yakiwa kwenye tarehe zilezile kwa wote, tatizo liko kwenye ufundishaji.

Sasa omba miadi ya dakika 20 na mwalimu. Usimvamie asubuhi getini, maana ana darasa linalomsubiri na hatakusikiliza. Fungua daftari mbele yake useme: "Mwalimu, kosa hili nimeliona tarehe hizi tatu. Darasani unaona anakwama wapi?" Kisha nyamaza umsikilize. Huenda ukasikia kwamba ana watoto wengi kuliko vitabu, au amepewa somo ambalo hakusomea. Hayo hayamfutii deni, lakini yanakuonyesha kuwa sehemu ya tatizo iko mezani kwa mwalimu mkuu. Kubalianeni mambo 2 yatakayoonekana daftarini, kwa mfano mazoezi yasahihishwe angalau mara 2 kwa wiki, na kila kosa lifanywe upya. Jioni hiyohiyo mtumie ujumbe mfupi wa shukrani unaotaja mliyokubaliana. Baada ya wiki 4, hesabu tena kwa njia ileile.

Pasipo mabadiliko, nenda kwa mwalimu wa taaluma, kisha kwa mwalimu mkuu. Andikeni barua ya ukurasa 1, itiwe sahihi na wale tu walioleta madaftari. Sahihi 40 za watu ambao hawajafungua daftari hazina uzito wa 5 zenye tarehe. Iseme vipindi vingapi havina kazi, kazi ngapi hazikusahihishwa, mlizungumza lini na mwalimu, na mnaomba nini. Ombeni mambo ambayo mwalimu mkuu ana uwezo wa kuyafanya: aingie darasani zaidi ya mara 1 bila kutangaza, akague maandalio ya masomo, ampe mwalimu mwenzake mzoefu wa kumsaidia, na atoe mpango wenye tarehe wa kufidia mada zilizorukwa. Msiombe afukuzwe. Mkiombwa msubiri kwa neno "tutalifanyia kazi", ulizeni palepale: "Turudi tarehe ngapi?" Tarehe hiyo ikipita bure, pelekeni nakala zote kwa kamati ya shule, na baada ya hapo ofisi ya elimu iliyo juu ya shule. Mwalimu mkuu hatawaeleza alichomwambia mwalimu faraghani, na ana sababu. Watoto watapata nini, na lini, hilo mna haki ya kujua.

Kwenye kundi la WhatsApp jina la mwalimu lisitajwe. Picha ya mazungumzo ikimfikia, atatetea heshima yake, na habari ya kukopa haitazungumzwa tena.

Wakati huohuo mtoto asisubiri. Dakika 20, siku 4 kwa wiki, zinatosha. Mwonyeshe kuwa 403 ni mia 3, makumi 9 na mamoja 13, kisha atoe safu kwa safu: 5, 2, 2. Mpe hesabu 3 za leo na 1 ya wiki iliyopita.

Ngazi hii yote haihusu kipigo, matusi, ulevi kazini wala kumshika mtoto isivyofaa. Hapo andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, usimhoji mara mbilimbili, na siku hiyohiyo mwone mwalimu mkuu. Likiwa ni la kumdhuru mtoto, nenda pia polisi au ustawi wa jamii.

SWALI: Mwalimu wa mwanangu hufundisha nusunusu mchana, kisha jioni huwatoza watoto haohao tuisheni. Asiyekwenda anaachwa nyuma. Nikilalamika, si atamwandama mtoto? – Baba mwenye wasiwasi

JIBU: Hili usilianzie kwa mwalimu, maana ndani yake kuna pesa. Azima daftari la tuisheni kwa mzazi ambaye mtoto wake anakwenda, uliweke kando ya lile la darasani. Orodhesha mada zilizofundishwa jioni ambazo mchana hazimo. Orodha hiyo ndiyo hoja yako kwa mwalimu mkuu. Omba mada zote za mtaala zimalizwe ndani ya vipindi, na mwalimu asiwatoze wanafunzi wake mwenyewe.

Kuhusu kuandamwa, hofu yako ina msingi. Nendeni wazazi wawili watatu, na mwambieni mwalimu mkuu wazi kwamba mnahofia hilo. Barua usimtume mtoto. Kabla ya kwenda, andika alama zake za karibuni na mahali anapokaa darasani. Alama zikiporomoka ghafla baadaye, omba karatasi isahihishwe na mwalimu mwingine, jina likiwa limefunikwa.

SWALI: Nimhamishe mkondo katikati ya muhula? – Mama wa mapacha

JIBU: Kwanza uliza mkondo wa pili umefika mada gani. Ukiwa mbele kwa mada 2 au 3, mtoto ataingia akiwa na pengo jipya juu ya lile la zamani. Afadhali mwisho wa muhula, ukitumia likizo kuziba. Kama mtoto anakataa shule, anaumwa tumbo kila asubuhi ya somo hilo au halali usiku, usisubiri likizo.