Barua kwa mwanangu: kuhusu kutundika daluga

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili mama yako akiwa hapa barazani anabangua korosho. Unauliza: una miaka 32, goti linavimba kila baada ya mechi, na klabu inakutaka uwe kocha msaidizi wa vijana. Utundike daluga sasa, uache kucheza, au umalizie msimu mmoja?

Goti limeshakujibu. Mimi nikwambie lingine.

Kocha Juma Mgunda unamjua, aliwahi kuja kuinoa timu ya Namungo hapo Ruangwa. Alicheza Coastal Union iliyochukua ubingwa wa ligi mwaka 1988. Septemba 2022 Simba walipoachana na kocha Zoran Maki wakampa Mgunda timu, akaifikisha hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2023 akaletwa kocha mpya, Robertinho, na Mgunda akawa msaidizi wake. Watu husimulia hayo makundi. Mimi huitazama ile Januari. Mchezaji akiwekwa benchi hununa, siku tatu haongei na mtu. Kocha hana pa kununia. Kesho asubuhi anapanga koni.

Nilipoanza kufundisha timu ya mtaa pale Chikongola, beki wangu wa kushoto alikuwa rafiki niliyecheza naye miaka tisa. Mbio zilikuwa zimemwisha, kila mtu aliona. Siku moja ya mechi nikasoma kikosi pale golini, jina lake nikaliruka, wala sikumtazama. Hakusema neno. Akavua viatu, akafunga kamba pamoja, akavitupia begani na kutoka akitembea peku. Nyumbani kwangu hakukanyaga mpaka Idi. Kumwacha nje nilikuwa sahihi. Kosa langu ni kwamba alisikia pamoja na wengine, wakati usiku uliotangulia tulikula sahani moja.

Basi kazi ichukue, ila waambie wakulipie kozi ya leseni ya ukocha, uanze na D, ile ya chini. Usikubali ahadi ya mdomo, viongozi wetu tunawajua. Mshahara utapungua, hilo mkeo alisikie kutoka kwako mapema.

Ukija msimu huu wa korosho twende uwanja wa Nangwanda Sijaona. Tutakaa nyuma ya goli, na mpira usiufuate kwa macho. Nitakuuliza beki wa kushoto alisimama wapi wakati mpira uko kulia.

Baba yako