Difragi Haimalizi

SWALI: Mhariri, shikamoo. Laptopu yangu ni ya mtumba, ina Windows 10 na hadidiski ya GB 500. Imekuwa nzito, nikaambiwa niifanyie difragi, yaani kupanga upya faili za diski. Inafika asilimia 10 inaganda hapo usiku kucha. Nikiisimamisha na kuanza upya, mambo ni yaleyale. Diski C imebakiwa na GB 31. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kwanza hakikisha imeganda kweli. Windows 10 hupitia diski kwa awamu, na skrini huandika "Pass 1", "Pass 2" na kuendelea. Kila awamu asilimia huanza upya, kwa hiyo namba kurudi chini si kasoro. Namba isiyosogea kwa saa kadhaa, huku taa ya diski ikiwaka mfululizo au diski ikitoa sauti ya tik-tik, hiyo ni habari nyingine.

Difragi husoma vipande vya faili vilivyotawanyika na kuviandika upya pamoja. Ikikuta sehemu mbovu, diski hujaribu kuisoma tena na tena, na kazi yote husimama hapohapo. Kuilazimisha iendelee ni kuichosha diski ambayo huenda inakufa. Kwa hiyo iache kwanza, unakili picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje leo hii.

Kisha weka CrystalDiskInfo, programu ya bure, uangalie mistari ya 05, C5 na C6. Tazama safu ya "Raw Values", maana ndiyo yenye hesabu halisi. 05 ni sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa, C5 ni zile zinazosubiri uamuzi, C6 ni zilizoshindikana. Zote zikiwa sifuri, endelea. C5 ikiwa na namba, na hasa ikiwa inapanda siku hadi siku, achana na difragi kabisa: nunua diski nyingine.

Diski ikiwa salama, andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, bofya kulia, chagua "Run as administrator", kisha andika amri hii ya kutafuta na kurekebisha makosa ya diski:

chkdsk C: /r

Jibu Y, uwashe upya. Kwa GB 500 kazi hii huchukua saa nyingi, basi chaja iwe imechomekwa na usizime katikati. Umeme ukiwa wa kukatika-katika kwenu, hakikisha betri inashika chaji kabla hujaanza.

Sasa nafasi. Windows huihesabu diski yako kuwa GB 465 hivi, na difragi hutaka walau asilimia 15 iwe wazi, yaani kama GB 70. Wewe una 31: faili kubwa zinakosa pa kuwekwa wakati wa kupangwa. Endesha cleanmgr, programu ya Windows ya kufuta faili zisizohitajika, hamisha video, kisha fungua cmd kama mwanzo na uandike powercfg /h off ili faili la hiberfil.sys, ambalo mara nyingi ni la GB kadhaa, liondoke. Utapoteza uwezo wa kuilaza kompyuta kwa hibernate na kuwaka haraka, basi.

Mwisho funga kila programu, zuia laptopu isilale, na uanze hivi kwenye cmd hiyohiyo:

defrag C: /U /V

Hapo utaona maendeleo na ripoti kamili. Vipande vinavyozidi MB 64 Windows huviacha kwa makusudi, hivyo programu nyingine ikikuonyesha bado vipo, usihangaike. Na kama RAM ni GB 2, difragi haitaondoa uzito huo.

SWALI: Nimebadilisha hadidiski na kuweka SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka. Nayo niifanyie difragi?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Hapana. SSD haina kichwa kinachohangaika kutafuta vipande, na kuandika bila sababu kunaila. Inachohitaji ni TRIM, njia ya Windows kuiambia SSD ni data ipi imefutwa. Fungua cmd kwa "Run as administrator", uandike fsutil behavior query DisableDeleteNotify; kwenye mstari wa NTFS ukiona 0, TRIM inafanya kazi. Ukiona 1, andika fsutil behavior set DisableDeleteNotify 0.