Ile kompyuta iliyobandikwa "USIZIME"

Ilikuwa chini ya meza ya mhasibu. Ilitumia Windows XP, mfumo endeshi wa zamani wa Microsoft, na programu yake ya stoo na madeni iliandikwa na kijana aliyekwishaacha kazi, akaondoka na msimbo wake. Nilipomshauri mwenye biashara abadilishe, alinijibu, "Mbona inafanya kazi?" Na kweli ilikuwa inafanya kazi.

Siku diski ilipogoma, mhasibu hakushtuka. Kila Ijumaa jioni alikuwa akiinakili programu kwenye flashi, hakosi. Nikaichomeka. Nilikuta faili moja dogo tu: ile alama ya kubofya inayokaa kwenye skrini. Data yenyewe haikuwahi kunakiliwa hata siku moja. Ijumaa za miaka mitatu!

Diski tuliifufua kwa taabu, ikatoa sehemu kubwa ya data. Madeni mengine tuliyaandika upya kutoka vitabu vya ankara. Wadaiwa waliojitokeza wenyewe kutukumbusha walikuwa wachache, kama unavyowajua wadaiwa.

Kwa hiyo, kabla hujaulizia bei ya mfumo mpya, tafuta data yako inakaa wapi. Itoe ikiwa katika muundo wa majedwali ya kawaida, kisha ifungue kwenye kompyuta nyingine kabisa. Ikigoma kufunguka huko, huna nakala.

Uzee peke yake si kosa. COBOL, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ilibuniwa mwaka 1959 na bado inaendesha mifumo mingi ya benki. Shida huja wanaoijua wanapoisha: Aprili 2020, mfumo wa mafao ya wasio na ajira ulipozidiwa na maombi, gavana wa New Jersey nchini Marekani aliomba hadharani watu wanaoijua COBOL wajitolee. Mkalishe anayeujua mfumo wako, aandike anachofanya kila siku, hata vile vitu anavyoviona vya kijinga.

Kama huwezi kuuhama bado, uchomoe kwenye mtandao. WannaCry, kirusi cha kompyuta kilichofunga faili na kudai fidia, ilipolipuka Mei 2017 na kuvuruga hospitali za Uingereza, ilipita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, na XP haikuwa ikipata viraka vya kawaida tangu Aprili 2014.

Na usihame kwa usiku mmoja. Sisi tuliendesha mifumo yote miwili kwa miezi miwili, kila jioni tukilinganisha hesabu. Mhasibu alinung'unika sana kwa kazi hiyo maradufu, lakini ni yeye aliyegundua kwamba majina ya wateja yalihamia bila zile nyota alizokuwa akiziweka mbele ya majina hayo. Mfumo mpya ulizifuta ukidhani ni uchafu. Hakuna mwingine ofisini aliyejua kwamba nyota tatu maana yake ni asikopeshwe tena.