Re: Picha yangu imeshushwa ukutani, nifanyeje?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nilivyokufahamu, picha yako ya bi harusi anasingwa (anasuguliwa singo mwilini), mgongo wazi, imeshushwa kwenye maonesho hapo Mji Mkongwe na barua hujapewa, umeambiwa tu "watu wamelalamika".

Cha mwanzo, kabla hujagombana na mtu, uliza nani kasema ishushwe, mwenye ukumbi au serikali. Kama mwenye ukumbi tazama ile karatasi uliyosaini, mie yangu iliposhushwa kulikuwa na kamstari chini kabisa kwamba wanaweza kuondosha kazi yoyote, basi nikadai picha tu, nikakagua fremu na kona za kitambaa mbele yao ndo nikasaini kupokea. Kama serikali, nenda Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, hicho chombo cha serikali ya Zanzibar cha mambo ya sanaa (sensa hapo ni udhibiti, si kuhesabu watu), uombe jibu la maandishi, ya mdomo watakuzungusha tu.

Na si huku kwetu peke yake, makumbusho ya Smithsonian kule Washington, Marekani, 2010 waliondosha video ya msanii David Wojnarowicz kisa sisimizi wanatambaa juu ya msalaba. Brooklyn, New York, 1999 meya alitaka kuwakatia pesa makumbusho kwa picha ya Bikira Maria aliyoichora Chris Ofili, wakenda kortini na jaji akawapa haki, lakini wale walikuwa na mawakili bwana.

Ukiipata hiyo karatasi ibandike hapa, majina yafiche.