Nani alipitisha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964? Majibu kwa wasomaji

Safu iliyopita ilihusu Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani, ile iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi hotelini, migahawani na kazini. Maswali yamekuja mengi, na haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Kila chama Marekani kinadai sheria hiyo ni yake. Ukweli uko wapi? (Msomaji, Dodoma)

Ni ya vyote viwili, Democratic na Republican, na hakuna ambacho kingeipitisha peke yake. Tarehe 19 Juni 1964 Seneti, moja ya mabaraza mawili ya Bunge la Marekani, iliipitisha kwa kura 73 dhidi ya 27. Warepublikani walioiunga mkono ni 27 kati ya 33, na Wademokrati ni 46 kati ya 67. Ukihesabu kwa asilimia, Warepublikani wanaongoza. Ukihesabu vichwa, Wademokrati ndio wengi. Basi kila upande huchukua hesabu inayoupendeza na kufunga mjadala hapo.

Mimi naomba tuulize swali jingine: aliyepiga kura alitoka wapi? Majimbo 11 ya Kusini, yale yaliyojitenga enzi za vita vya utumwa, yalikuwa na maseneta 22. Aliyesema ndiyo ni mmoja tu, Ralph Yarborough wa Texas, Mdemokrati. Seneta mwenzake wa Texas, John Tower, Mrepublikani pekee wa Kusini, alisema hapana. Katika baraza la pili, Baraza la Wawakilishi, mwezi Februari, mambo yalikuwa yale yale: Wademokrati wa Kusini 7 waliunga mkono na 87 wakapinga, na Warepublikani wa Kusini wote 10 walipinga. Wademokrati wa majimbo mengine walikuwa 145 kwa 9.

Na sababu haikuwa ya kufichika. Sehemu kubwa ya Kusini, Mweusi alizuiwa kupiga kura kwa kodi ya kura, kwa mitihani ya kusoma iliyotungwa ili afeli, na kwa vitisho. Mbunge wa Mississippi hakuwa na mpiga kura Mweusi wa kumwogopa.

Rais alikuwa Mdemokrati na Seneti ilikuwa yao. Warepublikani walihitajiwa kwa lipi? (Msomaji, Mombasa)

Kwa kanuni za Seneti. Seneta aliweza kuchukua zamu ya kuzungumza na kuongea apendavyo, na wenzake wakampokea kwa zamu, ili mswada usifikie kura kamwe. Kuwanyamazisha kulihitaji theluthi mbili: kura 67 kama wote 100 wapo. Wademokrati walikuwa 67 barabara, lakini zaidi ya ishirini kati yao walikataa kuwanyamazisha waliokuwa wakiongea, kundi la Kusini lililoongozwa na Richard Russell wa Georgia. Walichelewesha mswada kwa siku 60 za vikao.

Kwa hiyo Hubert Humphrey, aliyeusimamia mswada kwa upande wa Rais Johnson, ilimbidi amfuate Everett Dirksen wa Illinois, kiongozi wa Warepublikani. Dirksen alidai marekebisho, na akayapata: kwa mfano, malalamiko ya kazini yaanze kwanza kwenye vyombo vya jimbo pale vilipokuwepo. Wapo wanaomshutumu kwamba alipunguza makali. Mimi nampa heshima yake, kwa kuwa alileta kura. Makanisa nayo yalifanya kazi kubwa, yakiwaandikia maseneta wa majimbo ya wakulima, ambako Weusi walikuwa wachache sana na kura zao zisingemtisha mtu.

Asubuhi ya 10 Juni, Robert Byrd wa West Virginia alimaliza hotuba ya saa 14 na dakika 13. Kisha karani akaanza kuita majina kwa kura ya kuwanyamazisha. Alipofika kwa Clair Engle wa California, hapakusikika jibu. Engle alikuwa na uvimbe kwenye ubongo, ameletwa kwa kiti cha magurudumu, na sauti ilikuwa imekwisha. Akainua mkono polepole akaonyesha jicho lake, kwa sababu kwa Kiingereza "jicho" na "ndiyo" ya bungeni hutamkwa sawa. Kura yake ikahesabiwa. Jumla ikawa 71 kwa 29: Wademokrati 44, Warepublikani 27. Engle alifariki mwezi uliofuata.

Ni kweli ulinzi wa wanawake kazini uliingizwa na mpinzani wa sheria? (Msomaji, Kisumu)

Kweli. Howard Smith wa Virginia, Mdemokrati aliyeupinga mswada wote, ndiye aliyependekeza jinsia iongezwe kwenye kifungu cha ajira. Baadhi ya wabunge wakacheka. Martha Griffiths wa Michigan akasimama akawaambia kicheko hicho chenyewe ni ushahidi. Pendekezo likapita, 168 kwa 133.

Chama cha Lincoln kiliwapotezaje Weusi? (Msomaji, Minneapolis)

Kuhama kwa Weusi kutoka Republican, chama cha Abraham Lincoln, rais wa enzi za vita vya utumwa, kulianza miaka ya 1930, wakati wa Rais Franklin Roosevelt, Mdemokrati. Ila mwaka 1964 uliuziba mlango. Miongoni mwa Warepublikani sita waliopinga Seneti alikuwamo Barry Goldwater wa Arizona, na Julai hiyo hiyo chama kikamteua kugombea urais. Alishindwa vibaya: alishinda jimbo lake na majimbo matano ya Kusini kabisa. Septemba, Strom Thurmond wa South Carolina, aliyewahi kuongea zaidi ya saa 24 kupinga sheria ya 1957, aliacha Democratic akaingia Republican. Kusini ilianza kubadili chama. Msimamo wake juu ya rangi ulibaki pale pale.

Afrika ilihusika kwa lolote? (Msomaji, Zanzibar)

Ndiyo. Mwaka 1961 mabalozi wa nchi zetu changa, akiwamo wa Chad, walikuwa wakinyimwa huduma migahawani kwenye barabara kuu ya 40 huko Maryland, njiani kati ya New York na Washington. Mwaka 1963 Waziri wa Mambo ya Nje, Dean Rusk, aliwaeleza maseneta jinsi ubaguzi huo ulivyoidhuru Marekani duniani. Sheria ilitiwa saini 2 Julai 1964. Wiki mbili baadaye wakuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walikutana Cairo, wakapitisha azimio lililoipokea kwa kuridhika, na hapo hapo likasema bado wanasikitishwa na ubaguzi unaoendelea Marekani.