Nenda Detroit, mwanangu

Mombasa, 14 Agosti 2013

Mwanangu Rukia,

Assalaam alaykum. Idd imepita salama. Babako na nduguzo ni wazima, nyanyako magoti yanamsumbua lakini chakula anakula. Barua hii nampa mtoto wa khalako, atasafiri Jumamosi in shaa Allah. Tunamwombea njia iwe nyepesi, maana uwanja wa ndege wa Nairobi uliungua Jumatano iliyopita na abiria wametaabika sana.

Uliniuliza kwenye simu: "Mama, niende nikasomee udaktari wa meno katika mji uliofilisika, ama niiache nafasi hii nitafute chuo mji mwingine mwakani?" Sikukujibu siku ile kwa sababu sikutaka nikujibu kwa hofu ya mzazi.

Nenda.

Usidhani nimelisema hilo bila kujua. Kakako amenisomea habari usiku tatu mfululizo. Najua tarehe 18 Julai mji wa Detroit ulikwenda mahakamani kutangaza kuwa umefilisika, na deni lake ni kama dola bilioni 18, na hakuna mji wa Marekani uliowahi kufilisika kwa kiasi hicho. Najua taa za barabarani, nne katika kila kumi haziwaki. Ukimwita polisi, kwa wastani anafika baada ya dakika 58. Majengo yaliyohamwa ni kama 78,000. Mji uliokuwa na watu milioni 1.8 na zaidi mwaka 1950, ulipohesabiwa mwaka 2010 walikuwa 713,777. Nilimwambia kakako arudie hesabu hiyo, nikidhani amekosea kusoma.

Lakini mwanangu, uliza deni ni la nani. Chuo chako ni cha mapadri Wajesuiti na Masista wa Huruma, chuo cha binafsi, na skuli yake ya meno ipo tangu 1932. Mishahara ya walimu wake haitoki kwa meya. Wanaokosa usingizi leo ni wastaafu wa mji, walioendesha mabasi na kuzima moto miaka thelathini, wakaambiwa pensheni yao nayo imo katika hesabu ya deni. Hao uwaombee. Kiti cha mgonjwa utakachofundishiwa hakimo.

Nakwambia hivi kwa kuwa mimi nimefanya kazi mahali ambapo deni lilifika mpaka kwenye kiti. Unakumbuka ule mwaka nilikuwa narudi nyumbani sisemi na mtu? Zahanati tuliishiwa dawa ya ganzi, wiki baada ya wiki. Kulikuwa na mama mmoja, gego la chini limeoza, shavu limejaa. Alikuja Jumatatu, tukamwambia rudi Alhamisi. Alhamisi tukamwambia rudi wiki ijayo. Mara ya tatu hakuuliza kitu, alinitazama tu mikono kama nimeleta sindano. Sikuwa nayo. Mpaka leo nikipita njia ya kwao natazama chini. Chuo kikiwa na taa, maji, ganzi na mwalimu aliyesimama nyuma yako, kimetimia, hata mji ulio nje ukiwa gizani.

Na giza lenyewe, wewe umekulia Kisauni. Umesomea kwa koroboi, mfereji ulikuwa ukikauka mwezi mzima tukinunua maji ya mkokoteni, na ulijua njia gani ya kupita baada ya magharibi na ipi ya kuepuka. Ujuzi huo usiuone mdogo. Kaa kwa mjombako Dearborn, mji jirani, kama mlivyopanga, kodi ya chumba isikutie haraka, na usiku usisimame kituoni peke yako hata kama basi limebakisha dakika tano. Hayo ya usalama nimemaliza.

Jambo ninalotaka ulishike ni jingine.

Kwa miaka 26 nimeshika bakuli na taa kando ya madaktari wa meno, wakiwemo vijana wengi waliotoka kuhitimu Nairobi, wakaletwa pwani kufanya mwaka wao wa mafunzo. Nilikuwa nawajua kwa mikono. Mmoja alikuja, wiki yake ya kwanza, tukaletewa kuli wa bandarini. Alikuwa amemumunya karafuu na maji ya chumvi siku nyingi, jino limekatika limebaki mzizi, harufu ya usaha imejaa chumba. Yule kijana mkono ulikuwa ukitetemeka hata koleo linagonga meno mengine. Yule kuli akamshika kifundo cha mkono, taratibu, akasema kwa mdomo uliokufa ganzi nusu, "Pole pole daktari, mimi sina haraka." Kijana akavuta pumzi. Mzizi ulitoka baada ya dakika arubaini. Alipotoka pale hakutetemeka tena, na mimi nikajua ni nani aliyemfundisha.

Kwa hiyo ni kweli, mji wenye dhiki una mengi ya kufundisha mkono. Watu huja wakiwa wamechelewa, na ugonjwa unauona wote, toka doa mpaka jipu. Kule kwenu nasikia bima ya serikali ya wazee, Medicare, haigharamii kuziba wala kusafisha meno, na asiye na bima nyingine atakuja kwenye kliniki ya chuo kwa sababu bei ni nafuu. Atalipa kwa subira, kwa kuwa mwanafunzi hufanya kwa saa tatu kazi ambayo daktari angeimaliza kwa saa moja.

Ila hapo ndipo pana hatari, na hii ndiyo ningeiogopa kuliko taa za barabarani. Mgonjwa asiye na pesa husema, "Daktari, ng'oa tu." Nimelisikia kila siku ya kazi yangu. Kutibu mzizi ni ghali na ni safari tatu nne, kung'oa ni mara moja na bei ndogo. Unang'oa. Kesho mwingine anasema hivyo hivyo, unang'oa. Baada ya mwaka unamwona mtu anaingia na jino ambalo lingeweza kuzibwa, na mkono wako umeshakwenda kwenye koleo kabla hajafungua mdomo vizuri. Nimewaona madaktari hodari wakaishia hivyo. Umaskini wa mgonjwa ukawa ndio unaoamua matibabu, na wao wakazoea. Wewe kila mara mwambie mtu kwamba jino hili linaweza kupona, mtajie bei, mtajie kama linaweza kulipwa kidogo kidogo, kisha aamue mwenyewe. Akisema ng'oa, ng'oa kwa heshima.

Na jingine linafanana na hilo. Mjombako ameniambia mtahesabiwa kazi: kuziba kadhaa, kung'oa kadhaa, kuvika meno kofia kadhaa, ndipo mfuzu. Usimtafute mtu kwa ajili ya jino unalopungukiwa. Mzee akiketi mbele yako, muulize kwanza anakula nini na nani anampikia.

Nimefurahi kujua jambo moja la jimbo lako. Mji wa Grand Rapids, huko huko Michigan, ndio wa kwanza duniani kutia floraidi katika maji ya mfereji ili kukinga meno yasioze, tarehe 25 Januari 1945. Nasi tunao watu wa Bonde la Ufa waliohamia hapa, meno yao yana madoa ya kahawia tangu utotoni kwa sababu maji ya kwao yana floraidi kupita kiasi. Kitu kimoja, huku tunakikimbia na kule wanakitafuta! Siku moja nieleze kipimo chake, nimekuwa nikitaka kukijua.

Sasa deni. Umeuliza deni la mji, hukuniuliza lako. Wanaohitimu meno Marekani mwaka huu, wastani wao wanatoka na deni la zaidi ya dola 200,000, ambazo kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi milioni 17. Babako alipoisikia alinyamaza mpaka isha. Hatuwezi kukusaidia kulilipa, na nisingekuficha hilo. Ninachokuomba, kabla hujatia sahihi mkopo wowote, ketini na mjombako mwandike kwenye karatasi: riba ni ngapi, malipo yanaanza lini, na kila mwezi ni kiasi gani. Uliza pia kama kuna msaada kwa daktari anayekubali kwenda kufanya kazi kwenye maeneo yasiyo na madaktari. Usione haya kuuliza mara mbili. Deni la mji litaamuliwa na jaji. Lako litakufuata mpaka uzeeni.

Tena miaka miwili ya mwanzo, kwa nilivyoelewa, ni vitabu na meno ya plastiki. Mtu halisi ataketi kwenye kiti chako huenda mwaka 2015. Mpaka wakati huo kesi ya mji itakuwa imefika mbali, nawe mkono utakuwa umetulia.

Mtoto wa khalako nimempa halua kilo mbili, moja ya mjombako, na miswaki kumi ya mti niliyonunua mlangoni mwa msikiti. Iloweke kwanza, imekauka. Mmoja umwekee mgonjwa wako wa kwanza ukipenda.

Nipigie Jumapili ukishaipata barua.

Mamako